Siku moja na fundi bustani: Oktoba, Tabora

Saa 11 alfajiri natoka Isevya, sururu na reki nimezifunga kwenye keria ya baiskeli, tumboni nina chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mwezi huu jua la Tabora likishapanda hakuna kazi ya maana unayoifanya na mimea, kwa hiyo asubuhi ndiyo mtaji wangu. Napitia kwa wateja wa kudumu Cheyo, namwagilia, napogoa, nang'oa magugu, naondoka.

Saa 2 kasoro niko Ipuli, kwenye nyumba mpya ambayo mwenyewe yuko Dar na hapa anaishi mama yake mzazi na dada wa kazi. Uwanja ni mweupe, umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Na matandazo yangu hayapo. Jana nilizungushia miche ya bogenvilia maganda ya mpunga, leo yanafuka moshi kwenye shimo la taka. Sikumfokea yule dada. Sote tumelelewa hivyo: uwanja safi ni uwanja mtupu, majani ni maficho ya nyoka. Nikamwita, nikafukua kidogo pale ambapo rundo moja dogo lilisalia nyuma ya ndoo. Chini yake udongo ulikuwa bado mweusi, una unyevu. Hatua moja pembeni, vumbi. Akaushika kwa vidole, akasema, "Kumbe, kaka. Lakini bosi akipiga simu ya video akaona uchafu?"

Bosi akapiga saa 3.

"Fundi, umeona picha niliyokutumia?"

"Nimeiona, bosi. Bustani nzuri."

"Basi nataka hivyo hivyo. Ukoka kote, ukuta mpaka ukuta. Mbele ya madirisha weka pevingi. Na huo mwembe ukate, unamwaga majani."

Kazi hii wengi wanaijua kwa mpira wa maji na fyekeo. Sehemu inayochosha kuliko sururu ni hii: kusimama juani na simu sikioni, ukimweleza mtu aliye mbali kwa nini ardhi haitamtii. Nikamfanyia hesabu. Uwanja una mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Ukoka ukitaka ubaki kijani wakati wa kiangazi unahitaji kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Hizo ni lita 7,500. Tangi lake ni la lita 2,000.

"Maji ya Ziwa Victoria si yamefika huko?"

"Yamefika, bosi. Lakini yanapita kwenye mita, na bili ataletewa mama."

Akanyamaza, akasema ana kikao, akakata. Nikashika sururu. Hata jasho halijatoka akapiga tena: basi nusu ya ukoka, ila mwembe ukatwe. Nikamwambia mwembe ule hauombi maji ya bomba, mizizi yake imeshajitafutia chini. Kivuli chake kinafika ukuta wa magharibi, ambao ndio unaochomwa na jua la jioni. Ukiukata leo, mche utakaoupanda badala yake utampa mama kivuli baada ya miaka. Akasema nampinga kwa sababu sitaki kazi ya kukata mti. Hilo liliniuma. Kukata mti ningelipwa siku hiyo hiyo.

Aliyelimaliza ni bibi, mama yake bosi. Alikuwa amekaa palepale chini ya mwembe akipepeta mchele, akaomba simu. Sikusikia upande wa pili, nilimsikia yeye tu: "Baba, mimi mchana nakaa wapi?" Akanirudishia. Mwembe ukabaki. Ukoka ukapunguzwa hadi kipande cha mita 8 kwa 6 upande wenye jua, maana ukoka haupendi kivuli. Hicho kitakunywa lita 1,200 kwa wiki na tangi litatosha. Pevingi nilishindwa. Nilimweleza kwamba saruji inashika joto mchana na kulirudisha usiku vyumbani, hakukubali, na nyumba ni yake.

Baada ya hapo saa zikachanganyika. Uwanja unaofagiwa kila siku unakuwa na gamba juu, sururu inadunda, mikono inakufa ganzi. Ukishalivunja unakuta kichanga kikavu kama unga, na maji ukiyamwaga juu ya gamba yanakimbilia getini. Kwa hiyo kabla ya mche wowote nachimba mfereji kutoka chini ya paa hadi kwenye mashimo. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 linashusha lita 3,000, na kila mwaka zinapotelea barabarani.

Guta la samadi niliyoagiza ije asubuhi likafika jua likielekea kushuka. Nikachukua konzi moja, nikaifikicha. Bado ina joto, inanuka zizi. Samadi iliyoiva haina joto tena, na harufu yake ni ya udongo baada ya mvua. Hii ingeunguza mizizi. Kijana wa guta alikasirika, nami nilikuwa nimechoka kubishana, lakini sikuipokea kwa bei ya iliyoiva. Tukakubaliana nusu bei, nikairundika pembeni, nikainyunyizia maji na kuifunika ikae.

Jua lilipopoa nikajaza kila shimo maji, nikayaacha yanywewe, nikajaza tena, ndipo nikapanda mishubiri kando ya ukuta na kurudishia matandazo, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Dada akaniuliza maji ya kusuuzia nguo ayapeleke wapi. Nikamwonyesha kisahani cha mwembe, kile kibonde cha udongo kinachozunguka shina.

Saa 2 usiku niko Isevya, mgongo umekaza, ujumbe ukaingia: "Fundi, picha zako mbona hazina kijani?" Nikaandika nikiwa nimelala: "Ukoka tunaupanda Novemba, mvua ikishalowesha ardhi kina cha kiganja. Tukiupanda sasa utanunua maji kila siku na nusu utakufa. Leo nimeandaa mahali maji yatakapokaa. Kesho naomba hela ya samadi iliyoiva."