Sista Asiyesikia

"Mbukwenyi."

Nilisikia vizuri kabisa. Bibi alikuwa ameketi kwenye baraza nje ya leba, kanga mbili zilizopauka mabegani, fimbo katikati ya magoti, akanisalimia kwa Kigogo kama anavyosalimiwa mtu wa heshima. Mimi ni Mnyaturu, kwetu Singida, lakini miaka sita katika Mkoa wa Dodoma ilishanifundisha salamu hiyo na jibu lake. Ni neno moja tu. Sikulitoa. Nilimpita na beseni langu la vifaa, nikaingia chumba cha kuoshea, nikafungua bomba. Maji hayakutoka.

Ilikuwa Februari 2019, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwisho wa zamu ya usiku. Mvua ilikuwa imenyesha, na mvua ikinyesha kwetu barabara za vijijini hukatika, kwa hiyo kina mama hufika wamechelewa na wote kwa pamoja. Usiku ule walikuwa watano. Vitanda vya leba vilikuwa vitatu. Wahudumu tulikuwa wawili: mimi na mama mmoja mtu mzima, mhudumu wa afya, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga deki, akibeba maji, akishika taa na kuniambia nikae chini walau dakika mbili.

Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama, inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Piga hesabu mwenyewe. Wanawake watano, nusu saa moja, na hapo hujampokea mtoto anayetoka, hujamshona aliyechanika, hujampima presha aliyejifungua saa nane. Wauguzi wenzangu wanajua hesabu hii hufungwaje: karatasi hujazwa alfajiri, kwa kalamu moja, kwa mkupuo mmoja. Mapigo 140, 138, 142. Watoto wote wazima. Nami nilijaza hivyo, zaidi ya mara moja. Nalisema kwa aibu, lakini bora nilitoe, maana watu wakisikia muuguzi amechoka hufikiri ni miguu. Miguu unaitumbukiza kwenye ndoo ya maji moto yenye chumvi, kesho yake unasimama. Kilichokuwa kinanila mimi ni ile karatasi. Kazi nzuri ilivyo naijua, nilifundishwa, nikaiapia nimeshika mshumaa, halafu kila kukicha natia saini kwamba nimeifanya.

Wiki tatu kabla ya siku ile, mama mmoja alitutoka. Damu, baada ya kujifungua. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, tulimchoma, dripu mbili zilikuwa zinakwenda, mikono yangu ilikuwa inakanda tumbo lake, masikio yangu yako barabarani yakisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuja. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Kikafuata kikao cha kujadili kifo. Mwenyekiti alianza kwa kutuambia hatukukaa pale kutafuta mchawi. Kisha nikaulizwa, na kila aliyechukua zamu ya kuuliza aliuliza hilohilo: "Sista, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa palepale. Nilijibu kwa saa na dakika, bila sauti kutetemeka, na kilipokwisha nikaenda kula wali maharage nikamaliza sahani. Usiku nikalala kama gogo. Nikajisifu moyoni: sasa nimekomaa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililia chooni kwa mtoto mmoja aliyezaliwa hapumui, na sista mkubwa alinifuta machozi kwa pindo la aproni yake, akaniambia, "Utazoea." Basi nikadhani huko ndiko kuzoea.

Tangu kikao kile wanawake wakawa vitanda. Namba mbili asukume. Namba tatu aache kelele. Aliye chini kwenye godoro hakuwa hata na namba. Sikuwa na hasira nao, na hilo ndilo hunishangaza hadi leo; ningekuwa na hasira labda mtu angeniona. Nilikuwa mpole, mwepesi, mkono wangu hautetemeki, na ndani hamna mtu.

Sikumwambia yeyote. Mji wetu ndio wenye Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa Dodoma hilo si jina la hospitali tu, ni utani. Ukisema kichwa kimechoka, mwenzako anakuuliza akuitie bajaji ikupeleke huko. Unacheka naye, unarudi zamu. Halafu mimi nilikuwa mtu wa "ndiyo". Rosta ikitoboka, aliyepigiwa simu alikuwa mimi. Likizo yangu ya siku 28 nilikuwa sijaigusa mwaka mzima, tena nikilitaja hilo kwa kiburi, kana kwamba wodi ingeanguka nikitoka.

Miaka baadaye, nilipokwenda kujiendeleza, mwalimu alitugawia dodoso la maswali 22 alilolitunga Christina Maslach pamoja na Susan Jackson, Wamarekani, mwaka 1981. Linapima uchovu wa kazi uliopitiliza, ule Waingereza huuita "burnout", kwa mambo matatu: moyo kuishiwa, kuwaona watu kama vitu, na kujiona hufanikishi kitu kazini. La kwanza nililijibu haraka. Kwenye la pili kalamu ilisimama. Nilikuwa namwona bibi kwenye baraza. Nikasoma pia kwamba Mei ya mwaka uleule, 2019, Shirika la Afya Duniani lilisema hali hii si ugonjwa bali ni jambo linalotokana na kazi. Laiti ningelisikia wakati ule, ningepumua. Nilikuwa nikiutafuta ubovu ndani yangu tu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko mmoja.

Siku mbili baada ya salamu ile, mama mhudumu alinikabidhi mfuko wa rambo wenye karanga mbichi.

"Za nani?"

"Bibi wa yule mzazi wa Kongwa. Kasema nimpe sista asiyesikia."

"Asiyesikia nani?"

"Wewe. Kawaambia wenzake wote pale nje wasikusumbue kukusalimia, eti Mungu amekunyima masikio lakini amekupa mikono."

Mhudumu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi niliushika ule mfuko. Bibi hakunichukia, alinitafutia udhuru, na aliouona wa karibu kuliko wote ni uziwi.

Nilitoka nje. Alikuwa anafunga mizigo, mjukuu wake amembeba mtoto, bodaboda inawasubiri. Nikainama mbele yake. "Mbukwenyi, bibi."

Akanitazama, akapiga paja kofi. "Kumbe anasikia!" akawatangazia watu wa baraza zima, na wote wakageuka.

Sikujua nimwambie nini. Nikamwambia sikio moja ndilo bovu.

Akanivuta karibu, akaligeuza sikio langu kwenye mwanga na kulichungulia kwa makini, kama mimi ninavyomchungulia mgonjwa. Kisha akaniagiza mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu, matone mawili asubuhi na mawili jioni, na nisilale na kichwa kilicholowa. Nilitoa kalamu mfukoni, nikaandika dozi kwenye kiganja.