Kwanza uliza kimekuja na nani

Nikisema napenda kula vitu ambavyo sijawahi kuvila, wengi wanaonijua wanadhani basi kila wikiendi niko Masaki, mgahawa una taa hafifu, sahani kubwa, samaki kakaa katikati peke yake na michirizi ya sosi pembeni, halafu bili inakuja imefichwa ndani ya kijitabu cha ngozi ili usizimie mbele za watu. Nimeenda huko, sikatai, na siku nyingine nimefurahia kabisa. Ila mwisho wa mwezi nikikaa kibarazani nikapitia picha kwenye simu, nikajiuliza ni mlo gani ulionishtua kweli, jibu mara nyingi liko Kariakoo, au Feri, au stendi ya Magufuli kule Mbezi, au jikoni kwa jirani ambaye hata picha hakutaka nipige.

Dar hii ina watu wa kila mkoa na kila mtu kaja na tumbo lake. Mchaga kaja na mtori, Msukuma na michembe yake na matobolwa, Mgogo na mlenda, Mpemba na ng'onda, na hakuna aliyekubali kuviacha kwao eti kwa sababu sasa anakaa Tabata. Sasa vitu hivi supamaketi huvioni, au ukiviona vimetiwa kwenye pakiti ya kung'aa na bei yake inakutukana. Vinakuja na basi, vinakuja na boti ya Zanzibar, vinakuja na treni, kwenye ndoo iliyofunikwa kanga, kwenye kiroba, kwenye begi la mtu aliyetoka kumzika shangazi. Ndiyo maana siku hizi siulizi tena kitu kinauzwa wapi, nauliza kimekuja na nani. Ukimpata huyo mtu umepata msimu, umepata bei, umepata na namna ya kupika, maana atakueleza tu hata hujamuuliza.

Chukua senene, wale wadudu jamii ya panzi. Msimu wake mkubwa kule Bukoba ni Novemba na Desemba, halafu kuna kamsimu kadogo Aprili kuelekea Mei ambako mimi sikaamini sana. Usiku wanawasha mataa makali, wanasimamisha mabati, chini wanatega mapipa, senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza hadi ndani. Zamani ilikuwa kazi ya akina mama na watoto kuwaokota alfajiri kwenye nyasi, na cha kuudhi ni kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke alikuwa hali, yaani anaokota, ananyonyoa, anakaanga, anamtengea baba, yeye anabaki na harufu. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kihaya, alinisimulia haya huku mdomo umejaa senene. Akasema bibi yake angemwona saa hizi angelia, hajui kwa hasira au kwa wivu.

Senene wa siku hiyo alikuja nao mdogo wake, basi lote hilo kutoka Bukoba, kilomita kama 1,400 za kukaa kwenye kiti. Wengi walikuwa kwenye ndoo wameshakaangwa, lakini kulikuwa na mfuko mmoja wa wabichi waliokuja kwenye kasha la barafu, na hao ndio niliowataka. Tukakaa kwenye mkeka tukaanza kunyonyoa. Unamshika katikati, mbawa zinatoka kwa pamoja ukivuta kuelekea mkiani, miguu ile ya nyuma yenye misumeno unaivunja kwenye goti, unamalizia na zile antena, unatupa kwenye bakuli. Wengi ni wa kijani, wengine kahawia, na mara moja moja unakutana na mwenye rangi ya zambarau unasita kidogo kama unaharibu kitu kizuri. Vidole vinabaki na mafuta. Halafu sufuria kavu, moto mdogo, hakuna kumimina Korie wala nini, mafuta wanayo wenyewe, wanaanza kupasukapasuka taratibu na harufu inatoka kwenye majani mabichi inahamia kwenye ngozi ya kuku inayokaangwa. Chumvi, kitunguu mwishoni, basi. Nikanyoosha mkono kwenye ndimu, mama akanipiga kofi dogo la mkono, "Wewe mtoto, onja kwanza wenyewe." Nikaonja wenyewe. Sikuigusa tena ile ndimu.

Nimewahi kuwala kwenye mgahawa wa mjini pia, wamewekwa juu ya saladi, wamelainika kwa sosi. Aliyefanya vile sijui ana ugomvi gani na watu wa Kagera.

Kariakoo ni habari nyingine. Kabla soko halijaungua Julai 2021, lile jengo la msanifu Beda Amuli lenye paa la miavuli iliyopinduliwa, nilikuwa najua kabisa nashuka wapi nageuka wapi nampata dada wangu wa samaki wakavu. Baada ya moto watu wakatawanyika, ikabidi nimtafute mtaa kwa mtaa, na nilipomkuta akaniambia kwa utulivu, "Kaka, si ungefuata pua." Ana haki. Kwake ndiko nilikojifunza kutofautisha dagaa wa Kigoma na wa Mwanza bila kusoma kibao. Wa Kigoma anameta, mwili umenyooka, na bei imenyooka naye. Wa Mwanza mweusi kidogo, mtamu, ila ukimpata aliyeanikwa chini kwenye mchanga badala ya kwenye kichanja utasaga meno mpaka umlaani mvuvi. Dawa yake ni kutafuna mmoja hapohapo mbele ya muuzaji. Muuzaji anayekukatalia kutafuna dagaa mmoja, ondoka tu, kuna jambo anakuficha.

Yeye ndiye aliyenitia kwenye migebuka. Migebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, mwembamba mrefu, akikaushwa kwa moshi anakuwa na harufu ambayo mwenye nyumba wangu anaiita kero na mimi naiita Ijumaa. Nikamwambia dada nataka kumpika inavyotakiwa, akasema bila mawese hapo unajidanganya. Mawese akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kigoma anayeletewa madumu, mengine kwa basi na mengine bado kwa treni, ile reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na mimi kuna kitu kinanifurahisha sana nikifikiri reli ya mkoloni leo inanibebea mafuta ya kukaangia samaki. Mzee akanionyesha dumu, chini mazito ya njano yameganda, juu mekundu mepesi, akalitikisa kwa nguvu, akanionya nisimwage ya juu tu nikamwachia mwingine ugumu.

Basi nikapika. Mawese yakishika moto yanatoa harufu nzito, jikoni kunageuka rangi, kunguru wa uani wote wako dirishani. Vitunguu vingi, nyanya nyingi, migebuka niliyoiloweka maji ya moto na kutoa miiba mikubwa, moto mdogo mpaka mafuta yapande juu. Ugali wa muhogo pembeni, ule unaovutika, unaoukata kwa vidole unakataa kukatika. Mke wangu, ambaye ni wa Tanga na kwake kitoweo bila nazi ni dharura, alionja kijiko kimoja cha mchuzi akanyamaza, akavuta kiti. Mashavu yetu yalikuwa ya rangi ya chungwa.

Feri nakwenda asubuhi, wakati wa mnada, siyo kwa sababu ni rahisi, maana ukiwa mgeni wa mnada utauziwa kwa bei ya kukumbukwa, nakwenda kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya wale wanaokaanga. Lile soko la sasa lilijengwa kwa msaada wa Wajapani, likafunguliwa 2002, na wenyewe wa pale wanalipanga kwa zoni, mnada huku, wapara samaki huku, wakaangaji huku na masufuria yao makubwa juu ya moto, moshi unakutoa machozi kabla hujasalimia. Unanunua, unapeleka kwa mpara, anakukwangulia magamba akipiga stori bila kutazama kisu, unapeleka kwa mkaangaji.

Siku moja nilinunua ngisi nikamwambia mpara asitoe wino. Akaniangalia. "Bosi, huu uchafu." Nikamwambia ndiyo huohuo nautaka. Akaita mwenzake aje anione. Kuna baba lishe mmoja upande wa pili ambaye nimeshamzoea, nikampa ngisi na kale kafuko ka wino kwenye kikombe, yeye akawa na shauku kuliko mimi, akakaanga kitunguu saumu na tangawizi, akatia tui zito, pilipili nzima bila kuipasua, mwisho akapasulia wino ndani. Mchuzi ukawa mweusi tii, mweusi ambao nazi haikuweza kuuficha, na ladha ya bahari imekaa chini kabisa, chumvichumvi, nzito, haikimbii mdomoni. Tulikula kwa wali tukiwa na meno meusi wote wawili, wapita njia wanacheka. Aliniambia ataanza kuuza. Nilimwambia hakuna mtu Dar atanunua mchuzi mweusi, akasema watanunua akiwaambia unaongeza nguvu, si ndivyo supu ya pweza inavyouzwa? Hapo sikuwa na la kusema, maana ukipita jioni kwenye vijiwe vya pweza, wanaume wamezunguka jiko, kijiti cha meno mkononi, vikombe vidogo vya supu, hakuna hata mmoja aliyekuja kwa sababu ya ladha, au ndivyo wanavyotaka tuamini.

Migahawa nayo isionekane naichukia. Kuna wa Kihabeshi mmoja ambao nautetea mbele ya yeyote. Injera yao ina uchachu halisi, unga umeachwa siku kadhaa uumuke wenyewe, matundu yamejaa uso mzima wa mkate, na ukiuliza kuhusu tefu mhudumu anacheka kwanza, kwa sababu Ethiopia kwa miaka mingi ilizuia nafaka ya tefu kuuzwa nje ili bei isiwapande wananchi, kwa hiyo unga unapatikana kwa ndugu, kwa safari, kwa begi. Nikamwambia hapo ndugu yangu tunaelewana kabisa.

Pale nilikula kitfo. Nyama ya ng'ombe mbichi, imekatwakatwa kwa kisu mpaka imekuwa laini, imechanganywa na siagi yenye viungo na mitmita, ile pilipili yao nyekundu inayopanda puani. Mhudumu anakuuliza unaitaka mbichi kabisa, au iliyoona moto kidogo, ambayo wanaita leb leb, au iliyoiva. Rafiki niliyekwenda naye akaagiza iliyoiva haraka sana kabla swali halijaisha. Mimi mbichi. Haina ile harufu ya bucha uliyoitegemea, ni baridi kidogo ulimini, kisha siagi inayeyuka, kisha mitmita inakuja inakukumbusha uko wapi, unapoza na ayibu, jibini yao nyeupe isiyo na chumvi. Rafiki alinitazama mlo mzima akisubiri nianguke. Dada mwenye mgahawa akaja akakunja injera na nyama akamlisha kwa mkono wake, ndiyo heshima kwao, mkono wa mwenyeji haukataliwi, jamaa akafumba macho akameza. Akaomba nyingine.

Halafu kuna vitu vinavyoniuma, vile tunavyovitoa wenyewe na hatuvili. Mwani unalimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya akina mama kwa sehemu kubwa, wameinama kwenye maji ya magotini, unakaushwa, unafungwa marobota, unakwenda nje kutolewa ute wa kuzitia uzito aiskrimu na dawa ya meno. Ukiutafuta hapa mjini kwa ajili ya saladi unaonekana mtu wa maajabu. Mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, ndiyo kabisa, yanakaushwa Mwanza yanasafirishwa kwenda China, na kwa bei ile kilo ya bondo inamzidi samaki mwenyewe mbali. Nilikuja kulionja bondo kwenye mgahawa wa Wachina hapahapa Dar, kwenye supu, laini, linateleza, lenyewe halina ladha yoyote, linanyonya ya mchuzi. Kitu cha Ziwa Victoria, nimekila kwa vijiti. Sijui nicheke au nikasirike, nilichagua kunywa supu.

Sasa hivi nasubiri doriani, lile tunda lenye harufu kali. Kuna kijana anavuka na boti kutoka Unguja, msimu ukifika ananipigia simu kabla hajashuka, ananiambia tukutane nje ya geti haraka kwa sababu abiria wenzake hawana amani naye. Mwenye nyumba ameshanitumia ujumbe kwamba migebuka amevumilia, lakini doriani likiingia ndani tutazungumza habari ya mkataba. Kwa hiyo nitalila barazani kwa jirani wa senene, ambaye ameshasema nilipasue mwenyewe, yeye atakaa upande unakotoka upepo.