Mtoto Haonekani Mgonjwa

Leo jioni kijana karudi kutoka shule, kavua viatu mlangoni, kasema, "Tatu." Asubuhi alikuwa moja. Nikaandika kwenye daftari, nikampa maji na kipande cha muhogo, akajilaza. Kabla ya magharibi ikawa moja tena. Kwa hesabu zetu za siku hizi, tangu apate mtikisiko wa ubongo kwenye mpira, hiyo ni siku njema.

Namba hizo ni za maumivu ya kichwa: sifuri ni kichwa kitulivu, kumi ni kichwa cha kumliza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyetupa hesabu hii alisema namba ikipanda moja au mbili kisha ikashuka ndani ya saa moja, tusiogope, tuendelee. Ikipanda zaidi ya hapo, au ikikataa kushuka, kesho yake tupunguze kazi. Nimeipenda kwa sababu inamfanya mtoto mwenyewe awe ndiye anayesema. Mimi kazi yangu ni kuandika na kuamini.

Kuamini ndiko kugumu, na simsemi mtu mmoja. Waligongana vichwa na mwenzake wakirukia kona, hapa hapa uwanjani Walukuba, mjini Jinja, Uganda. Hakuzimia, hakutoka hata tone la damu. Ila aliuliza matokeo, akajibiwa, akauliza tena, akauliza tena, na usiku akatapika. Hospitali walimmulika macho, wakampiga picha ya CT, ikatoka safi. Daktari alitutajia mambo ya kutukimbiza tena usiku huo huo: kutapika mfululizo, degedege, usingizi asioamshika, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, maumivu yanayozidi kupanda. Hakuna lililokuja, Alhamdulillah. Alisema pia kwamba picha ile inaona damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo unavuruga namna ubongo unavyofanya kazi, na hilo kamera haiwezi kulikamata. Watoto wengi, akasema, hupona ndani ya wiki 4.

Wa kwetu wiki hizo zilimpita. Akawa mtoto ambaye saa mbili asubuhi anataniana na wenzake, saa tano ameshika kichwa, saa kumi anamlilia mdogo wake kwa ajili ya kijiko. Hebu mweleze jirani. Angekuwa na plasta mguuni, darasa zima lingegombania kumbebea mkoba. Jaja yake, yaani bibi yake, alikuja kutoka Iganga, akamtazama akila posho, ugali wetu, na maharage vizuri tu, akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu hana kitu. Mnamdekeza." Mwingine, simtaji, akasema ni macho ya watu. Shangazi yake yeye hofu yake ni moja: mwakani anaingia P.7, darasa la saba, na PLE ya Novemba, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haimsubiri mtu.

Nilimjibu jaja kwa adabu, "Ndiyo, mama, tutaona," kisha nikamwomba akae naye mchana mmoja mvua inyeshe. Mungu naye hakutuangusha. Jinja mvua haikopeshwi. Ilipoanza kupiga mabati, kijana alijikunja chini ya meza, vidole masikioni, machozi yakimtoka bila sauti. Tangu siku hiyo jaja ndiye anayemfokea fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya nyumba.

Kelele hizi zilinipa kazi kuliko kitu chochote. Mwanga unaweza kuuvalia kofia. Simu unaweza kuificha juu ya kabati. Lakini darasa la watoto tele chini ya mabati, mvua ikija, hata mwalimu anaacha kufundisha, anaandika ubaoni tu. Nilikwenda kwa mwalimu wake wa darasa, mtu mkali wa hesabu. Mwanzoni alidhani kijana anakwepa sehemu na asilimia. Nikamwekea daftari mezani. Akalisoma kimya, kurasa kadhaa, akaona mwenyewe namba zinapanda hata siku za michezo ambazo hakuna hesabu. Tukakubaliana: aje nusu siku kwanza, akae mbali na dirisha la jua, anakili maelezo kutoka kwa rafiki badala ya kutupa macho ubaoni na kuyarudisha daftarini mara mia, na mvua ikianza aruhusiwe kwenda chumba cha stoo. Wenzake sasa wanamwita bwana stoo. Yeye anacheka, basi na mimi nacheka.

Wapo walionishauri nimfungie chumba chenye giza mpaka apone kabisa. Ni ushauri wa zamani. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022, na tamko lao likachapishwa 2023, walieleza kwamba mapumziko ni ya siku moja au mbili za mwanzo, tena si ya kulala tu gizani. Baada ya hapo mwendo mwepesi unasaidia kupona. Kwa hiyo tunatembea. Zamani tuliishia dukani, sasa tunateremka hadi upande wa Masese kwenye samaki, tukirudi polepole kabla ya boda kujaa barabarani. Nyumbani ana alama ya mkaa ukutani: anaikazia macho huku akigeuza kichwa kushoto na kulia, kwa ajili ya kizunguzungu. Linaonekana zoezi la kipuuzi. Siku za mwanzo lilimtoa jasho.

Panadol tunampa kwa kipimo, si kila siku, kwa kuwa dawa za maumivu zikizoeleka zinaweza zenyewe kuleta kichwa. Kulala ni saa ile ile, umeme uwepo usiwepo. Hayo hayana hadithi.

Kinachotuchosha sasa ni furaha za ghafla. Akiwa sifuri siku moja, nyumba nzima inasahau, anakimbia, anapiga kelele, na kesho ni nne na hasira. Baba yake anakata tamaa siku hizo. Mimi nafungua kurasa za nyuma: nne ilikuwa kawaida yetu, sasa ni mgeni.

Jumatatu anajaribu siku nzima ya masomo. Akiivuka bila kuzidiwa, ngazi za michezo zinafuata, moja baada ya nyingine, si chini ya saa 24 kila ngazi, na kugombania mpira na wenzake hakupo mpaka daktari aseme. Amekwenda mwenyewe kwa mwalimu wa michezo kuomba kazi ya kushika kibendera pembeni ya mstari, akapewa. Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa bado tunabishana. Yeye anasema atakuwa golikipa. Mimi nimemuuliza milingoti ya goli imetengenezwa kwa kitu gani.