Siku 51 za kumbembeleza chatu ale

Mwanangu Nasri alipokaribia kutimiza miaka 15 aliomba zawadi moja tu: nyoka. Tunaishi Leicester, Uingereza, ambako mtu hununua chatu dukani kama kwetu Tanga mtu anavyonunua njiwa. Mama alipopata habari kwa simu alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "paka wameisha huko?"

Tulimpata kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama mji. Dume, umri mwaka na nusu, gramu 620 kwenye mizani yangu ya unga. Ni ile aina ndogo ya Afrika Magharibi na Kati ambayo ikiogopa hujikunja mviringo kama mpira, kichwa kikafichwa katikati. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Alikuja na tangi lake la kioo, mkeka wa umeme wa kutia joto, bakuli la maji, na maneno ya kijana: mpeni wiki moja atulie, halafu atakula. Nasri akambatiza Shwari.

Wiki ilikwisha. Nikanunua panya waliogandishwa, ambao huuzwa kwenye pakiti kama samaki, nikamwacha mmoja kwenye sinki ayeyuke, na saa kumi jioni nikampelekea kwa koleo. Shwari alimtazama, akageuza kichwa, akaenda kujikunja nyuma ya bakuli. Kesho yake nikajaribu tena. Keshokutwa tena. Nikirudi kazini usiku naingia sebuleni na tochi ya simu kumchungulia, mchana Nasri anamvisha rafiki zake shingoni. Tulijiona wafugaji wazuri sana, maana tulikuwa hatumwachi hata kidogo.

Wiki ya tatu nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa habari ya Shwari. Mzee jirani yetu, Mgujarati mzaliwa wa Jinja aliyefika hapa 1972 Amin alipowafukuza, hajaacha Kiswahili chake, na kila akiniona natoa takataka ananiuliza juu ya ukuta: "Mama Nasri, nyoka amekula?" Hajala, mzee wangu. Anatikisa kichwa kama nimemwambia kuna mgonjwa ndani.

Nilipiga simu kliniki ya wanyama nikiwa karibu kulia. Muuguzi wa pale hakushtuka hata chembe. Akaniuliza kama anatoa ute mdomoni, kama anapumua mdomo wazi, kama mgongo umechongoka. Hapana, hapana, hapana. Basi, akasema, nimpime uzito mara moja kwa wiki, na akipoteza sehemu ya kumi ya uzito aliokuja nao nimlete. Chatu wa aina hii mwenye afya, hasa miezi ya baridi, anaweza kukaa miezi bila kula na asipate neno. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: ndani ya maficho yake kuna joto kiasi gani?

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni nyuzi 31, kipimajoto kinasema. Kipimajoto chenyewe kilikuwa kile cha mshale, kimebandikwa juu kwenye kioo. Akaniambia ninunue cha dijitali chenye waya, ncha niiweke sakafuni, pale tumbo la nyoka linapolala. Nikanunua. Ikasoma 26.

Kumbe kile kidude cha kudhibiti joto kilikuwa kimebanwa kwenye mkeka wenyewe, chini ya tangi. Mkeka ukifika 31 umeme unakatika, lakini juu ya mkeka kuna kioo, na juu ya kioo nilikuwa nimemwaga vipande vya mbao unene wa kiganja ili mtoto wa watu alale laini. Joto halikumfikia. Na nyoka asipopata joto tumbo halisagi chakula. Akila kikimwozea ndani atakitapika, kwa hiyo kukataa kwake ilikuwa akili. Nikapunguza zile mbao, nikapandisha joto kidogo kidogo kwa siku mbili mpaka upande wa maficho ukakaa kwenye 32, upande wa pili 26. Hewa ya nyumba zenye hita ni kavu, nikaongeza bakuli kubwa la maji na ukoga (moss) ulioloweshwa, unyevu ukapanda hadi asilimia 60.

La pili lilikuwa lile tangi. Porini, kuanzia Senegal mpaka Uganda, chatu huyu hushinda mchana kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, mwili umegusa udongo pande zote. Sisi tulikuwa tumemweka sebuleni kwenye kioo pande nne, mbele ya televisheni. Nikafunika pande tatu kwa karatasi nyeusi, nikampa vyungu viwili vya plastiki nilivyotoboa mlango, kimoja upande wa joto, kimoja upande wa baridi. Vya kumbana hasa. Baba Nasri akasema chumba cha gereza. Shwari aliingia usiku uleule, na kwa mara ya kwanza sikumwona akizungukazunguka akisukuma kioo kwa pua.

La tatu, na ndilo lililotushinda kuliko yote: kumwacha. Siku 14 kamili, hakuna kumshika, hakuna kumpelekea panya, hakuna tochi. Maji tu, na mizani mara moja kwa wiki. Nasri alinuna. Mimi mwenyewe nilikuwa napita sebuleni nimeangalia ukuta wa pili kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Katikati ya kipindi hicho nikamwandikia yule kijana kumuuliza alikuwa anampa panya gani hasa. Akajibu: wale wadogo weupe. Mimi nilikuwa nampelekea watoto wa ile aina kubwa ya panya. Kiswahili chetu kinawaita wote panya, lakini kwa chatu harufu zao hazifanani kabisa, ni kama kumpelekea mtu wa ugali sahani ya tambi. Nikanunua weupe.

Siku ya 51. Gramu 578. Panya alikuwa amelala kwenye friji tangu usiku uliotangulia, ndani ya kopo lenye mfuniko.

"Friji hii hii ya maziwa, Mama Nasri?"

"Hii hii, Baba Nasri. Kesho nitaisafisha."

Saa tatu na nusu usiku nikazima taa zote, nikabakisha ya korido. Panya nikamtia kwenye mfuko wa plastiki, nikamzamisha kwenye jagi la maji ya moto mpaka mwili ukafika 38, kisha nikamkausha kwa mashine ya nywele, kichwa hasa. Chatu ana safu ya vitundu kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, na wale panya wangu wa sinkini walikuwa wa baridi kama mawe.

Nilimshusha kwa koleo mbele ya mlango wa chungu. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka tena, safari hii taratibu, ukabaki hewani ukipepea. Kichwa kikafuata, shingo ikajikunja. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, ikawa heri, maana panya naye akatetemeka kama mzima. Sikuona aliporuka. Nilisikia koleo likigonga kioo, nikaona mikunjo mitatu imemzunguka panya na mguu mmoja mweupe umechomoza.

Dakika kumi hakutikisika. Nasri alikuwa nyuma yangu, amenishika bega, hapumui. Nikawaza amelala. Kisha akalegeza mkunjo mmoja, akatafuta kichwa cha panya kwa pua, akaanza kummeza, taya la kushoto, taya la kulia, kama mtu anayevaa soksi yenye unyevu. Mkia ukabaki nje kama tambi moja, nao ukaingia. Alipomaliza akapiga miayo miwili mikubwa kurudisha taya mahali pake.

Hatukumgusa siku mbili baada ya hapo, wala hakutapika. Wiki iliyofuata alikula tena, na baadaye nikaweza kumhamishia kwenye panya wakubwa kwa kuwaweka usiku kucha kopo moja na mdogo mweupe ili washike harufu. Mzee jirani nilimwambia asubuhi yake juu ya ukuta. Aliinua mikono miwili, akamwita mkewe kutoka jikoni aje asikie.

Mwezi huu Shwari amekataa mara mbili. Macho yameingia ukungu wa bluu, anakaribia kujivua gamba. Jana nilisubiri robo saa, nikamtupa panya, nikanawa mikono kwa sabuni, nikaenda kulala.