Keki mbili watu wanne

Mwaka 2013 nilikua nasoma ualimu chuo cha Mkwawa pale Iringa, na kama ulipita pale unajua Juni inavyokua, asubuhi unaoga huku unasali. Boom, yani ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikua limeingia juzi yake, enzi hizo ni shilingi 7,500 kwa siku na linakuja la wiki nyingi kwa mpigo, kwahiyo unakua tajiri siku nne hivi halafu unarudi zako kwenye ugali maharage. Sasa katika hizo siku nne za utajiri ndo Mnyalu akasema leo nawapeleka sehemu.

Mnyalu ndo alikua mwenyeji wetu, kazaliwa hapohapo mjini, sisi wengine ni wa kuja. Tulikua wanne, mimi, yeye, Kadogo ambaye haongei mpaka aulizwe, na Spika. Spika ile ya muziki jamani, sio ya bungeni. Yule dada akiongea na simu hosteli, ghorofa nzima inajua kwao wamelima nini mwaka huo.

Tukashuka daladala mjini, tukakata mtaa wa Hakimu, kumbe tunaenda Neema Crafts. Nikamwambia Mnyalu hapa si pa wazungu? Maana kusema ukweli wanafunzi wengi tulikua tunapapita tu nje, tunaona Land Cruiser za watalii wanaotoka Ruaha zimepaki, tunajua chai ya humo lazima ulipie kwa dola. Mnyalu akacheka akasema ingieni bwana, mimi shangazi yangu ananunuaga zawadi za harusi humu.

Ndani sasa. Sijui niseme duka au nini, yani kila ukigeuka kuna kitu kimetengenezwa na mkono wa mtu, mito, mapazia, mabegi ya vitambaa vilivyofumwa hapohapo, hereni za shanga za vioo vya chupa zilizotupwa wakaziyeyusha upya, tembo wa vitambaa wa kila rangi ambayo tembo hana. Spika akavaa mikufu mitatu kwa pamoja akajipiga picha kwa kile kisimu chake, akairudisha yote. Mimi nilikua naangalia vibei vilivyobandikwa kwa nyuma kwa siri, kama mtu anayekagua ubora.

Tukapanda juu kwenye mgahawa. Akaja dada mmoja na aproni, katabasamu, na Spika kama kawaida yake, "Dada habari, tunaomba menyu!" Dada akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa. Unajua Spika akafanya nini? Akaongeza sauti. "TUNAOMBA MENYU!" Mgahawa mzima ukageuka isipokua yule dada. Hadi leo sijui kwanini binadamu tuko hivo, unaambiwa mwenzako hasikii na wewe ndo unapaza.

Mnyalu alikua anakufa kwa kicheko maana alijua kitu anachofanya, wahudumu wa pale ni viziwi na hakutuambia makusudi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi unampa, basi. Na ukijua ishara mnaongea. Sisi wanne, walimu watarajiwa eti, hakuna aliyejua hata ishara ya chai.

Kwahiyo Spika akashika kalamu. Tukapiga hesabu, tukaona tukila keki kila mtu na nauli itakua shida, akaandika keki mbili kahawa nne. Halafu akaongeza chini, "Dada punguza kidogo sisi wanafunzi." Dada akasoma, akachukua kalamu, akaandika "Hapana" na kakichwa kanakocheka pembeni. Spika hakukubali. "Tutakuwa tunakuja kila siku." Dada akasoma, akamwangalia, akaandika, "Hata jana hukuja."

Mimi nilidondosha kichwa mezani. Kadogo, yule asiyeongea, alicheka mpaka akaomba maji, na aliyaomba kwa kuandika. Spika mwenyewe alikaa kimya labda dakika nzima, rekodi ambayo haijavunjwa. Na ile keki bwana, tulikata nusu nusu tukala taratibu kama tunakula urithi.

Baadae kijana mmoja akatuzungusha kwenye karakana. Pale kwenye mashine za kufumia za mbao kuna jamaa mmoja baiskeli yake ya magurudumu matatu ameiegesha pembeni, mikono inakwenda mpaka macho yako hayafuati. Yule kijana akatuambia walianza 2003, chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, na vijana watatu tu viziwi, kazi yenyewe ya kwanza ikiwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Tukajua anatania. Hatanii. Tembo hasagi vizuri anachokula, nyasi na magamba ya miti vinatoka na nyuzi zake, kwahiyo yanaoshwa, yanachemshwa sana, yanapondwa mpaka yanakua uji, wanachota kwa fremu yenye wavu, maji yakichuja wanaanika. Nikanusa karatasi moja. Inanuka karatasi.

Hapo ndo nikavunja bajeti. Nilinunua kadi moja ya hiyo karatasi kwa ajili ya mama, bei yake nilikua nakula wali maharage mara mbili, na ile karatasi ya mgahawa ambayo dada alituachia mezani nikaitumbukiza humohumo isikunjike.

Nilivyofunga chuo nikampelekea mama Makambako. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipapasa, akasema nzuri hii, ngumu, imetengenezwa na nini? Nikamwambia. Akaiweka kwenye stuli polepole.

"Yani mimi nauza viazi nikusomeshe, we unaniletea mavi?"

"Mama yamechemshwa."

"Hata yakichemshwa."

Lakini hakuitupa. Akaisimamisha kwenye kabati la vyombo, mbele ya zile glasi zisizotumika, na wageni wakija anawapa wainuse kwanza wasifie, ndo anawaambia. Mama mchungaji aliruka nayo mpaka mlangoni.

Jioni ile ya kwanza aliifungua kuangalia kama nimeandika chochote ndani, ikadondoka ile karatasi ya mgahawa. Akavaa miwani, akasoma yote, punguza, hapana, kila siku, hata jana. Nikaanza kumwelezea, akaninyamazisha kwa mkono, akasoma tena.

"Huyu binti," akasema, "ningempata sokoni kwangu, ningekaa nyumbani."