Miezi sita, na bado hajakaa

Mwanangu alipotimiza miezi sita, kila aliyetutembelea aliuliza, "Ameshakaa?" Alikuwa bado. Nikimkalisha anainama hadi uso unagusa miguu, au anaangukia ubavu. Na kulikuwa na mtoto mwingine, mdogo kwake, anayekaa wima na kuchezea vitu. Usiku nilikuwa nalifikiria hilo tu.

Kliniki, nesi alimlaza chali, akamshika mikono na kumwinua taratibu aone kama kichwa kinafuata. Kilifuata vizuri. "Mama, huyu hana tatizo. Mpe nafasi sakafuni." Baadaye nikasoma matokeo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006, yaliyotokana na watoto wenye afya wa nchi 5, Ghana ikiwemo: kukaa bila kushikiliwa kulianza popote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Nilishusha pumzi.

Basi tukahamia sakafuni. Mito ya kumzungushia niliipunguza, kwa sababu anapoegemea mito mgongo haufanyi kazi. Akiwa macho nilimlaza kifudifudi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku (kulala usingizi ni chali daima), na kitu anachokipenda nakiweka mbele kidogo ya mkono wake ajivute. Kisha namkalisha katikati ya miguu yangu, viganja vyake vikiwa chini mbele yake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akijiegemeza kwa mikono. Akiinua mmoja tu, anaanguka.

Wakati huohuo mikono yake ilikuwa ikijifunza jambo jingine, na hilo ndilo lililonipa moyo zaidi. Mwanzoni akiwa na kijiko, ukimpa kikombe, kijiko anakiachia. Siku moja nikaona vidole vya mkono wa kushoto vinafunguka kwanza, vinakipokea kijiko, ndipo wa kulia unaachia. Akakigeuza, akakitazama, akakitia mdomoni. Kukaa bado, lakini akili ilikuwa kazini.

Nilijua pia mambo ambayo nisingeyasubiri: asiponyoosha mkono kushika kitu, asipogeukia sauti, mwili ukiwa mlegevu mno au umekakamaa, akitumia mkono mmoja tu, au akipoteza alichokuwa akikiweza. Lolote kati ya hayo, ni kliniki moja kwa moja. Na aliyezaliwa kabla ya wakati, miezi yake ihesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Wengi huteseka bure kwa kutolijua hili.

Wangu alikaa mwenyewe akiwa katika mwezi wa nane, mikono yote miwili juu, akipiga makelele ya "ba-ba-ba". Kutambaa kwa magoti bado. Anajisukuma kwa tumbo, tena kinyumenyume. Wapo watoto wazima wa afya wanaoruka kabisa hatua hiyo, kwa hiyo simharakishi. Kazi yangu sasa ni kuokota kila kidude kilichobaki sakafuni, maana anachokifikia chote kinaishia mdomoni.