Shangazi Ananiita Mama

Wiki hii nimemwota nyanya mara mbili. Yuko jikoni kwake Siaya, amenipa mgongo, anakoroga chungu. Namwita, hageuki. Nyanya huyu sikuwahi kumwona. Alifariki kabla sijazaliwa, na mama alipokuwa na mimba yangu alimwota akidai jina. Ndivyo nilivyopata jina lake.

Mshauri ninayemwona hapa Kisumu aliniuliza, "Huyo nyanya ni sehemu gani yako?" Swali zuri, lilinitoa machozi. Ila nilitoka pale nimebeba ndoto peke yangu, na mzigo ule ulinilemea.

Mwaka 1925 Carl Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi, alifika pande zetu hizi akapiga kambi Mlima Elgon. Wenyeji walimweleza kuwa ndoto ziko mbili: ndogo, ambayo ni ya mtu mwenyewe, na kubwa, ambayo ni ya watu wote, na anayeiota huwakusanya wenzake awasimulie. Mganga mmoja mzee alimwambia, machozi yakimlengalenga, kwamba tangu wazungu waje hakuna aotaye tena. Waingereza, alisema, sasa wanajua kila kitu. Jung aliwahesabu watu hao kuwa wa hali ya mwanzo ya binadamu, na hilo linaniuma kila nikilisoma. Lakini yale machozi aliyaona, akayaandika. Mzee yule hakuwa analilia usingizi wake. Kijiji kilikuwa kimenyang'anywa kazi ya kusikilizana.

Leo nimekwenda Manyatta, mtaa wa hapa Kisumu, kwa shangazi. Alikuwa mlangoni na ungo mapajani, anachambua omena, wale dagaa wa ziwa, vidole vinatoa vijiwe na makombe madogo bila hata kuangalia. Nikamsimulia. Hakuuliza najisikiaje. Aliuliza nyanya alivaa nini, chungu kilikuwa upande gani wa meko, kama moshi ulikuwepo. Kisha akampigia simu baba mdogo, baba mdogo akampigia mama, na kabla chai haijapoa tulikuwa wanne ndani ya ndoto ile. Mabega yangu yakashuka.

Shangazi ananiita Mama tangu nikiwa mchanga, kwa kuwa nimebeba jina la mamake. Nimekua nikiitika. Akaweka ungo chini, akanishika mkono, vidole vikinuka ziwa.

"Mama," akasema, "ni nini tumekukosea?"

Nami nikaanza kumjibu.